Ua la Rangi Mbili



Katika mwezi wa kwanza, siku moja baada ya Misa ya asubuhi, katekista mmoja wa upande wa Moba alitukuta mlangoni mwa shule, akatukabidhi bahasha iliyokunjwa mara mbili na kufungwa kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na ua moja lililokauka, majani matatu, kipande cha shina chenye urefu wa kidole, na barua mbili. Walioandika ni kaka na dada, wanafunzi wa darasa la sita na la tano. Kaka asema ua hilo ni jekundu kama moto. Dada asema kaka yake aongopa, maana ua ni la njano, naye alilichuma kwa mkono wake mwenyewe. Wote wawili watuomba tuwaamulie shauri lao, tena tuwaambie jina la ua.

Lakini chini ya barua ya dada palikuwa na mistari mitatu iliyoandikwa kwa haraka, kama habari isiyo na uzito. Nyanya yao, mama wa baba yao, amechimba mahali mmea huo ulipoota, akapata viazi vinne, naye auliza kama ndivyo vile viazi vikuu vya porini alivyovila katika utoto wake. Pembeni mtoto alichora kiazi kimoja kwa penseli.

Tulimwomba katekista aketi kidogo. Tulikuwa tayari kuhukumu habari ya rangi. Kumbe swali lenyewe lilikuwa la chungu. Kila mkulima wa kwetu aujua mwezi wa kwanza: ghala imebaki vumbi, mahindi mapya hayajakomaa, na mama wa nyumba hutazama porini kwa macho mengine. Nyanya huyu hakuuliza kwa kutaka kujua tu.

Basi tuliweka vitu vyote mezani juu ya karatasi nyeupe. Ua lilikuwa limekwisha kuwa la kahawia, kama jani la tumbaku. Rangi ile waliyoigombania watoto, nyekundu au njano, haikuwako tena. Jambo hilo halikutusumbua sana. Mmea ukikauka hubaki na umbo lake, lakini rangi huikimbia karatasi. Ndiyo maana wataalamu wanaokusanya mimea, kama wale waliojaza makabati ya Yangambi, au Bruda Justin Gillet wa Shirika la Yesu, aliyeanzisha bustani ya Kisantu mwaka 1900, wana desturi ya kuandika rangi ya ua palepale porini, pamoja na mahali na tarehe. Hatimaye mwandiko tu ndio unaobaki kuwa shahidi wa rangi. Umbo hujishuhudia lenyewe.

Tulianza na jani. Lilikuwa refu na jembamba kama ncha ya mkuki, halina kikonyo, limekaa moja kwa moja juu ya shina. Ajabu ilikuwa kwenye ncha. Mahali majani mengine yanapokoma, hili liliendelea, likawa uzi mwembamba uliojisokota kama mkia wa kinyonga. Huo ndio mkono ambao mmea dhaifu hushikia vichaka ili upande juu.

Hapa hatuna budi kuungama kosa letu. Kwa kuuona ule mkono tu, tulisema mara moja: «Ni marakuja ya porini.» Katekista alitutazama, asiseme neno. Yeye ana marakuja nyuma ya nyumba yake, na kwa adabu alituacha tugundue wenyewe. Maana mkono wa marakuja hautoki katika ncha ya jani, bali katika kwapa lake, pale jani linapoungana na shina, na jani lenyewe hubaki jani zima mbele yake. Njegere nazo zina mikono mwishoni mwa jani, lakini jani la njegere limegawanyika katika vijani vingi, na mikono hiyo ni vijani vilivyogeuka. Jani letu lilikuwa moja, halikugawanyika, nalo lenyewe lilirefuka mpaka likawa mkono. Kwa hiyo kusema «lina mkono» hakutoshi. Yafaa kuuliza mkono watoka wapi.

Tulipozitaja njegere tulimkumbuka Padri Gregor Mendel, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino huko Brno, aliyezipanda katika bustani ya monasteri miaka mingi. Wengine kabla yake walitazama mmea mzima kwa mara moja, wakachanganyikiwa. Yeye alichagua alama saba tu, kama vile umbo la mbegu, rangi ya ganda na urefu wa shina, akazifuata moja moja, akihesabu. Makala yake yalichapwa mwaka 1866, na kwa zaidi ya miaka thelathini karibu watu wote hawakuyajali. Sisi si Mendel. Lakini baada ya kukosea tuliona aibu kidogo, tukaanza upya, alama moja baada ya nyingine.

Mishipa ya jani. Tuliliinua jani kwenye mwanga wa dirisha. Mishipa yote ilikwenda sambamba, kutoka chini mpaka ncha, kama mistari ya daftari. Sasa, wasomaji, chukueni jani la kiazi kikuu cha bustani mlilinganishe. Lina kikonyo kirefu. Chini limekatwa kama moyo. Mishipa yake mikubwa yatoka pamoja mahali kikonyo kinapoishia, yajipinda kuelekea ncha, na katikati yao mna wavu wa vishipa vidogo kama nyavu za wavuvi wa dagaa. Tena kiazi kikuu hakina mikono kabisa: shina lake lenyewe huizunguka miti. Kiazi kitamu nacho chajulikana upesi, maana ukilikata shina lake hutoa maziwa meupe, na ua lake ni kama tarumbeta ndogo, kipande kimoja kisichogawanyika.

Hivyo, kabla ya kuligusa ua, jani lilikuwa limekwisha kutuonya kwamba mmea huu si kiazi kikuu, wala kiazi kitamu.

Ua tulililoweka katika maji ya vuguvugu muda wa nusu saa, likalegea, tukalifungua kwa ncha ya sindano. (Wanafunzi wanaojaribu kazi hii wasiwe na haraka. Ua kavu likivutwa huvunjika, na hesabu yote hupotea.) Petali zilikuwa sita, nyembamba, ndefu kama kidole, na kingo zake zilijikunjakunja kama pindo la nguo iliyolowa. Zote sita zilikuwa zimepinduka nyuma, hata ua lililoinama kuelekea ardhini likawa kama limeinua mikono yake mbinguni. Ndani yake tulihesabu stameni sita, yaani vile vijiti vinavyobeba unga wa chavua, navyo vilitawanyika pande zote kama miti ya gurudumu. Katikati palikuwa na ule mrija wa kike, pistili, nao ndio uliotukatia shauri. Katika maua mengi mrija huo husimama wima. Huu ulivunjika tangu shina lake, ukalala upande mmoja kama kiwiko cha mtu aliyekunja mkono, na mwishoni ulikuwa na matawi matatu madogo.

Petali sita zilizopinduka, stameni sita, mrija wenye kiwiko, jani lenye mkono katika ncha. Alama nne hizo zikikutana katika mmea mmoja wa porini kwetu, hakuna nafasi ya kusitasita tena. Jina lake ni Gloriosa superba. Lilitolewa na Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1753. Yeye aliipanga mimea kwa kuhesabu stameni na pistili, na ua hili akaliweka katika kundi la wenye stameni sita. Siku hizi mpango wake wa hesabu umeachwa, lakini majina yabaki.

Waliosoma Kilatini watatabasamu. Gloriosa ni «yenye utukufu». Superba ni «yenye fahari», na pia ni «yenye kiburi», kilema kile ambacho katekisimu hukitaja cha kwanza kati ya vile saba. Linnaeus aliisifu fahari yake tu, kwa kadiri tujuavyo. Wengine pia wamelisifu: Zimbabwe wamelifanya ua la taifa lao, na mwaka 1947, nchi hiyo ilipokuwa ikiitwa Rhodesia ya Kusini, watoto wa shule walimpa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, pambo la almasi lenye umbo la ua hilo, kwa kutimiza miaka 21. Majina ya kienyeji hatuyaandiki hapa, kwa sababu jina moja huweza kuvuka mto likawa la mmea mwingine, na leo kosa la namna hiyo lingeweza kuua.

Maana tulikuwa bado na ile picha ya penseli.

Mtoto alichora kiazi chenye pembe mbili, kama herufi V, laini, kisicho na vinyweleo vingi, na ncha zake zimechongoka. Mchoro ulikuwa mbaya, lakini ulikuwa mkweli. Kiazi cha Gloriosa ndivyo kilivyo: mara nyingi chajipinda katika pembe, mikono miwili inayotoka mahali pamoja, na chipukizi la mwaka ujao hutoka katika ncha. Hakina macho yaliyotapakaa kila upande kama kiazi cha Ulaya.

Ndani ya kiazi hicho, na ndani ya mbegu, majani na ua, mna sumu iitwayo kolchisini. Sumu hiyo huzuia chembe za mwili zisigawanyike. Kwa hiyo hupiga kwanza sehemu zile ambazo kila siku hujijenga upya: ngozi ya ndani ya matumbo, uboho wa mifupa unaotengeneza damu, mizizi ya nywele. Mtu aliyekula huona kinywa na koo vikimwunguza. Au haoni kitu kwa saa kadhaa, akajidhania salama. Halafu huja kutapika na kuharisha kwa nguvu, pengine pamoja na damu. Baada ya siku chache mwili hulegea, damu huharibika, na wengi hufa. Aliyepona huweza kuona nywele zake zote zikidondoka katika juma la pili. Kupika hakuondoi sumu hiyo, wala kukausha. Katika Sri Lanka na Uhindi madaktari wameandika mara nyingi habari za watu waliokula kiazi hiki wakikidhania kiazi kitamu au kiazi kikuu. Nyanya wa Moba si wa kwanza kuuliza.

Tena sumu ileile, ikipimwa kwa sehemu ndogo sana, kidonge chenye nusu ya miligramu au miligramu moja, madaktari huwapa wagonjwa wa jongo, na maumivu ya viungo hupungua. Wakulima wa Tamil Nadu, kusini ya Uhindi, hupanda Gloriosa shambani ili wauze mbegu zake kwa watengenezaji wa dawa. Lakini mtu asiseme, «Basi ni dawa.» Mizani ya kiwanda haiko jikoni.

Haya yote hatukumweleza katekista. Tulichukua karatasi, tukaandika kwa herufi kubwa, ili hata mtoto aweze kumsomea nyanya yake: «MSILE. Kiazi ni sumu, hata kikipikwa. Kama mtu amekionja, apelekwe hospitali leo, asingoje kuumwa, na mchukue kipande cha mmea mkononi mkamwonyeshe daktari. Oshani mikono na kisu. Watoto wasichezee mbegu nyekundu.» Katekista aliisoma, akaitia mfukoni mwa shati pamoja na rozari yake, akapanda baiskeli. Hakunywa hata chai tuliyokuwa tumemmiminia.

Zikapita siku kumi na mbili. Hatutaficha kwamba zilikuwa ndefu.

Aliporudi alileta bahasha ya pili, na habari njema: viazi vile vinne vilikuwa bado juu ya uchanja. Nyanya alikuwa amekataa kuvipika kabla ya jibu, ingawa wajukuu wake walilala na uji mwepesi. Alitutumia pia malalamiko, nayo ni ya haki. Alisema: mimi si mtoto, nimechimba viazi vya porini tangu kabla mwalimu wenu hajazaliwa, niliyaona majani kwa macho yangu, nayo yalikuwa majani ya kiazi kikuu. Basi akaenda tena kwenye kile kichuguu pamoja na wajukuu, akayashika mashina kwa mkono, akashuka nayo taratibu mpaka udongoni. Akakuta mimea miwili. Kiazi kikuu na Gloriosa vilikuwa vimepanda kichaka kimoja, vimesukana hata juu hapakujulikana lipi la nani. Macho yake yaliona jani la mmoja. Jembe lake lilichimba mzizi wa mwingine.

Kisa hiki kimetufundisha sisi wenyewe jambo ambalo hatukuliona kitabuni. Vitabu huuchora kila mmea katika ukurasa wake, peke yake, kama mtu aliyeketi kupigwa picha. Porini haikai hivyo. Tangu sasa tutawaambia wanafunzi wetu: usilinganishe jani na kiazi mpaka mkono wako umelifuata shina lote, bila kuliacha, kutoka kwenye jani hadi kwenye shimo.

Iko hatari nyingine, kubwa zaidi, nasi twawaomba wazazi waisikie kabla ya mwezi wa nane. Katika kiangazi shina la Gloriosa hufa na kutoweka kabisa. Hakuna ua, hakuna jani, hakuna mkono. Kiazi peke yake chalala ardhini kikingojea mvua. Wakati huo ndipo tunapolima mashamba mapya, na jembe hukitoa nje, cheupe kilipokatwa, kizuri kwa macho ya mwenye njaa. Alama zote tulizozihesabu mezani hazipo, isipokuwa zile pembe mbili, na hata hizo pengine hukatwa na jembe. Kwa hiyo kiazi cha porini kilichotokea bila shina kisiliwe, wala kisionjwe ulimi, wala wasipewe mbuzi. Mwenye kutaka viazi vya porini wakati wa kiangazi avitambue sasa, mvua ikingali inanyesha na majani yakiwapo, aweke kijiti kando yake.

Kuhusu shauri la kaka na dada, hukumu yetu ni hii: hakuna mwongo kati yenu. Ua hili likifunguka huwa na rangi ya kijani na manjano. Siku zikipita wekundu hulipanda, na manjano hubaki kingoni na chini. Likizeeka huwa jekundu kabisa. Dada alilichuma ua lililofunguka karibuni. Kaka alitazama mzee wake, juu kidogo katika shina lilelile. Mkirudi kichuguuni mtayaona yote mawili pamoja, lakini yatazameni tu, msiyachume.

Imebaki bahasha ya pili. Ndani yake nyanya ameweka jani la ule mmea wa kweli aliokuwa akiutafuta, ili tulitambue nalo. Lina vijani vitatu juu ya kikonyo kimoja, na shina lina miiba midogo. Tulilitambua kuwa la kiazi kikuu kichungu, Dioscorea dumetorum, nasi tukajiandaa kumwandikia onyo la pili, maana nacho kina sumu kisipotengenezwa. Lakini katekista alitangulia kutueleza alivyotumwa. Nyanya asema hicho asifundishwe: mama yake alimwonyesha namna ya kukikata vipande vyembamba, na kukilaza katika maji ya mto yanayokwenda, siku ngapi, na kwa dalili gani ajue kwamba uchungu umetoka. Asiyeonyeshwa na mama yake asijaribu. Tulimwuliza katekista ni siku ngapi. Akasema nyanya hakumwambia, ila amesema mwalimu akitaka kujua aje mwenyewe kichuguuni, tena aje na jembe.

Tutakwenda baada ya Pasaka.